Kutoka Mombo Hadi Col de Vence

Kilichonishangaza kwanza Nice ni bahari. Mimi ni mtu wa Tanga. Kabla ya kuogelea naulizia kwanza kama maji yanajaa au yanakupwa. Kule kusini mwa Ufaransa, asubuhi maji yapo hapa, jioni yapo hapohapo, na kujaa kwake ni kudogo hata huoni. Ufukweni hakuna mchanga, ni kokoto za mviringo tupu, na pekupeku hutembei ila kwa kuchechemea.

Nilikwenda kushiriki Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha mbio za kilomita 42.2, vyote siku moja. Mji huo umeandaa mashindano ya masafa marefu ya aina hii tangu 1982, na Mmarekani Mark Allen aliibuka mshindi pale mara 10. Mwaka 2023 ubingwa wa dunia wa wanaume ulifanyika hapo. Wanaojua mchezo huiogopa Nice kwa sababu moja: ukiipa bahari kisogo, milima hiyo.

Jioni ya kuamkia mashindano tulizilaza baiskeli nje, kando ya barabara ya pwani, maelfu kwa maelfu zimetundikwa kwenye vyuma. Kwetu baiskeli hulala ndani na mwenyewe. Niliaga yangu, nikarudi kuiangalia, ndipo nikaenda kulala.

Kuogelea kulipita vizuri. Vazi la mpira lilinibana kifua, lakini liliniinua majini mpaka miguu ikaelea yenyewe.

Halafu mlima. Mazoezi yangu yote ya kupanda niliyafanya barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita 30 na ushei za kona juu ya kona. Mwalimu wangu alinipa kipimo kimoja tu: "Mdogo wangu, ukishindwa kusema sentensi nzima, punguza." Basi nilikuwa napanda nikiwasalimu wauza matunda wa kandokando, na salamu ikikatika katikati, nabadilisha gia. Njiani nilikula pia, maana tumbo nalo hufundishwa kupokea chakula mwili ukiwa kazini.

Col de Vence huanzia mji wa Vence, na kwa kilomita kama 10 hivi inakupeleka hadi mita 963 juu ya bahari. Miti ilipungua, yakabaki mawe meupe na jua. Hapo watu walinipita makundi kwa makundi, wamesimama juu ya pedali, shingo zimewatoka mishipa. Moyo ulitaka kuwafuata. Nikajisemesha kwa Kiswahili peke yangu, sentensi zikatoka nzima, nikaendelea na mwendo wangu, nikifyonza jeli ya sukari, nzito kama asali. Akiba ya sukari mwilini ni ndogo. Ukipanda kwa pupa inaungua upesi kuliko tumbo linavyoweza kuirudisha, na mteremko haukurudishii. Tena milima haikuishia hapo. Kuteremka nako ni kazi: vidole viliniuma kwa kushika breki.

Mbio zilikuwa tambarare, kandokando ya bahari, mizunguko minne hadi karibu na uwanja wa ndege na kurudi. Ndege zilikuwa zikitua pembeni yetu. Watu nisiowajua walisoma jina langu kwenye namba kifuani na kuliita kwa nguvu, nami nikajaa furaha. Wengi walionipita mlimani niliwakuta hapa wanatembea, wengine wameinama, mikono magotini. Mimi nilikuwa bado nakimbia. Saa 2 usiku jua lilikuwa halijazama! Nilivuka mstari wa mwisho kungali na mwanga.

Wewe mwenye baiskeli na mlima karibu, anza mwezi huu. Panda taratibu, panda ukiongea, kula njiani, na gia nyepesi usiionee aibu. Barabara ya Lushoto ipo, na alfajiri magari ni machache.