Filamu ya kutisha kwa bajeti ya chipsi mayai

Nilipotea kidogo, mnajua tena mambo ya testi. Nimerudi.

Hapa Malimbe stori ni moja tu: washkaji wa chumba cha jirani wanataka kutengeneza filamu ya kutisha. Vifaa ni simu mbili, tochi na shuka jeupe. Bajeti ndiyo hiyo ya chipsi mayai. Watu wamecheka weee! Mimi sikucheka, maana kinachotisha siyo hela.

Chukueni Host, ya Mwingereza Rob Savage. Mwaka 2020 Uingereza watu wamejifungia ndani kwa ajili ya korona, jamaa akairekodi kwa Zoom. Hakukaa chumba kimoja na waigizaji wake. Kila mtu kwake, anapanga taa mwenyewe, na vimbwanga vingine anafanya mwenyewe. Hadithi? Marafiki wanaita mizimu kupitia kompyuta, basi. Filamu yenyewe haifiki hata saa moja. Lakini iangalie usiku, halafu mlango usukumwe na upepo wa ziwa... utaita mama.

Na sisi hatukusubiri Zoom. Mussa Banzi alishatupa Nsyuka, kisha mwaka 2005 Shumileta, ile ya jini wa kike. Vibanda umiza vilijaa. Jini kupotea ghafla mbona rahisi: unasimamisha kamera, mwigizaji anatoka, unawasha tena. Kazi iliyobaki anaifanya mtazamaji, kwa sababu woga anakuja nao kutoka nyumbani.

Sasa hapo ndipo mimi na washkaji tulipogongana. Kwenye skripti yao mchawi ni bibi kizee wa Usukumani, anaishi peke yake, macho mekundu.

Jamani, bibi yangu yuko Magu na macho yake ni mekundu. Siyo uchawi, ni moshi. Amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kikavu tangu akiwa binti. Mgeni akiingia uani, anavuta khanga mpaka karibu na pua. Hajawahi kutuambia kwa nini, na hatujawahi kumuuliza. Kanda hii vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa macho hayo hayo. Halafu yakaja mauaji ya albino, mpaka Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Huo woga ambao mtazamaji anakuja nao kibandani, ndio huo huo anarudi nao kijijini.

Nikawaambia: jini hana nyumba ya kuchomwa moto. Kitoeni hicho kitu ziwani, pale Bismarck Rock jua likizama, mawe yakiwa meusi na maji yametulia tuli. Hamhitaji hata senti.

Mwandishi wa skripti kanuna. Anasema bila bibi filamu haina ukweli. Nikamjibu ndiyo maana naogopa.

Jumamosi wanaanza kurekodi na mimi nimepangiwa kushika tochi. Nimeshasema, kwenye scene ya bibi watafute mtu mwingine.

Haya wadau, hasa wenye bibi zao vijijini, mnasemaje? Mimi narudi kwenye notsi, Jumatatu kuna testi nyingine.