Behewa la Mjomba

Boom halijaingia, lakini mimi niko bize na behewa. Ndiyo, behewa la treni ya mizigo, la plastiki, nimelipata mitumbani. Ni la Kimarekani, kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87: behewa la futi 40 linakuwa sentimita 14 tu.

Jamaa wa rumu wanacheka eti nimerudi chekechea. Wacheke. Mjomba wangu kafanya kazi reli miaka mingi, sasa presha ya macho imemwibia kuona. Siku hizi anaona kwa vidole. Na ngazi za behewa hili ziliumbwa zimeshikana na ubavu. Ukipapasa husikii kitu. Nimezikwangua kwa wembe, nikatoboa vitundu kwa sindano ya moto, nikachomeka waya mwembamba wa simu ya zamani. Sasa vipago vinahesabika!

Likaja suala la uzito. NMRA, chama cha Marekani cha watengeneza reli ndogo, kinashauri gramu 28, halafu 14 kwa kila inchi ya urefu. Langu linataka kama 105, la sivyo linaacha reli kirahisi. Nimegundisha nati za chuma sakafuni ndani.

Kutu ni unga wa chaki ya kahawia (walimu tupo!): nyingi chini ya milango, maji yanapotuama, kidogo juu. Mjomba hataiona. Lakini ataniuliza iko wapi, na mtu wa reli humdanganyi.

Ijumaa nampelekea. Msio na pindi, karibuni mlishike kwanza.