Karamu Iliyozaliwa Shambani

Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali hii inautilia shaka udugu wa sinia. Ajabu ni kwamba, ulimwenguni kote, watu hufunga safari ndefu, hulipa viingilio na kupanga foleni juani ili wale na kunywa pamoja na wasiozaliwa nao. Ni nini hasa kinachowapeleka kwenye tamasha za vyakula na divai?

Jibu jepesi ni uroho, nalo halitoshi. Chakula kipo majumbani, na divai imejaa madukani. Wapo pia wadaio kwamba watu huenda ili waonekane. Dai hili lina ukweli wake, ila mtu anaweza kuonekana popote penye umati.

Mfano wa mji wa Vevey, Uswisi, unatoa mwanga zaidi. Tamasha yake ya wakuza mizabibu haifanyiki kila mwaka. Katika karne ya 20 iliandaliwa mara 5 tu, na baada ya ile ya 1999 watu walingoja miaka 20, hadi 2019. Mnamo 2016, UNESCO iliitambua kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu.

Asili ya tamasha hiyo si kunywa. Katika karne ya 18, chama cha wakuza mizabibu cha mji huo kilianza kutuma wakaguzi mashambani ili wapime kazi ya watu waliotunza mizabibu isiyo yao. Mwaka 1797 lilijengwa jukwaa, na waliofanya vyema wakavishwa mataji mbele ya umma. Aliyeheshimiwa hakuwa mwenye shamba, bali yule aliyepogoa matawi na kupalilia. Ukaguzi huo ungalipo hadi leo.

Yamkini hapa ndipo lilipo jibu. Anunuaye chupa dukani huona bei na jina la kampuni. Mikono iliyochuma zabibu haioni. Katika tamasha, mlaji hukutana na aliyepanda, aliyepika na aliyegema. Kinachomvuta mtu ni hamu ya kujua anakula jasho la nani.

Hata hivyo, hamu hiyo hutimizwa kwa nadra. Katika maonyesho ya kilimo nchini Kenya, ng'ombe bora huvishwa utepe, na aghalabu jina litangazwalo ni la mmiliki, si la mchungaji. Chai ya Kericho nayo husifiwa katika nchi za mbali na watu wasiomjua mchumaji. Tamasha ikiandaliwa kwa ajili ya chai hiyo, huenda mchumaji akazuiwa langoni kwa kukosa kiingilio.

Karamu isiyomkaribisha aliyeilimia ni biashara tu. Methali ya wahenga itaendelea kuwa kweli hadi siku mchumaji atakapoketi mezani, na jina lake likatajwa.