Munganga Becker, mgeni aliyekimbia vita akarudi

Wazee wa Oicha na Nyankunde wangali wanamkumbuka Daktari Carl Becker, Mmarekani ambaye wagonjwa walimwita Munganga. Alifika Congo mwaka 1929 na mke wake, mama Marie, pamoja na watoto wao. Kule Oicha alipasua wagonjwa na kutunza maelfu ya wenye ukoma, watu waliotengwa hata na jamaa zao.

Mwaka 1964, vita vya Simba vilimkimbiza hadi Uganda. Alikuwa na miaka 70. Angeweza kwenda kwao kupumzika. Vita vilipotulia alirudi, akasaidia kuanzisha hospitali ya Nyankunde. Alifariki Marekani mwaka 1990.

Hospitali hiyo nayo ilivunjwa na vita mwaka 2002, ikafunguliwa tena. Familia zilizokimbilia Bule zinajua uzito wa kurudi kama huko.