Ulinzi Katika Miaka ya Amani

Nzige ni adui asiyetangaza vita. Huja na upepo, hutua jioni, na asubuhi shamba lililokuwa kijani huwa kama limepitiwa na moto. Mkulima peke yake hana nguvu juu yake. Akipiga madebe na watoto wakapiga kelele, nzige huhama shamba lake wakaingia la jirani. Kwa sababu hiyo, ulinzi huu ni wajibu wa serikali kama ulinzi wa mipaka.

Wajibu huo ulifahamika zamani. Mwaka 1949 yalifanywa mapatano ya kuwazuia nzige wekundu katika mazalio yao, kama bonde la Rukwa. Mwaka 1962 nchi za Afrika Mashariki zilifunga mapatano mengine juu ya nzige wa jangwani. Shauri lilikuwa moja: adui apigwe kwao, angali tunutu asiyeweza kuruka. Mayai hutagwa katika mchanga wenye unyevu na huanguliwa kwa muda wa majuma mawili hivi. Kisha tunutu hutambaa ardhini majuma kadhaa kabla ya kuota mabawa. Mlango wa ushindi ni muda huo mfupi.

Lakini amani ina hila yake. Mlinzi akifanya kazi vema, hakuna kinachoonekana. Watoto huzaliwa wakakua bila kumwona nzige, na mgawa fedha huuliza ndege zinangoja nini. Fungu hupunguzwa, wajuzi hustaafu na ujuzi wao, na dawa huharibika ghalani.

Miaka ya kale haihitajiki kukumbukwa ili kujifunza haya. Mwaka 2018 unatosha. Dhoruba mbili, Mekunu mwezi wa Mei na Luban mwezi wa Oktoba, zilimwaga mvua katika jangwa la kusini mwa Arabuni. Nzige wakazaana vizazi vitatu mahali pasipo jicho, na vita vya Yemen vikazuia ulinzi. Wakavuka bahari, na tarehe 28 Desemba 2019 wakaingia Kenya. Januari iliyofuata, kundi moja la kaskazini-mashariki lilikisiwa kuwa na urefu wa kilometa 60 na upana wa 40. Na kundi la kilometa moja ya mraba huweza kula kwa siku chakula cha watu 35,000. Uvamizi kama huo Kenya haikuwa imeuona kwa miaka 70. Vijana walifundishwa kunyunyiza dawa adui akiwa mezani tayari. Walifanya kazi kwa ushujaa, lakini ushujaa uliochelewa hulipiwa na mfugaji aliyebaki na mifugo bila malisho.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bawabu aliyekesha asimwone mwizi hakula mshahara wa bure. Huenda mwizi alimwona yeye.