Gari Nililolikatia Bima

Jioni, viwanda vya EPZ pale Athi River vifunguapo milango, washonaji wa nguo za kuuzwa ng'ambo humiminika barabarani kwa miguu. Katika barabara hiyo, msomaji wangu, ndipo nilipojifunza maana ya bima.

Nalikuwa na gari dogo la Kijapani, na ujana ukanitia tamaa. Niliyaondoa magurudumu lililotoka nayo kiwandani, nikatia rimu pana zing'aazo, na matairi yaliyotokeza nje ya madigadi kama masikio ya popo. Rimu mpya si kosa. Kosa ni rimu isiyolingana na gari. Fundi alinionya ya kuwa tairi litasugua madigadi kila nigeuzapo usukani hali nina mzigo. Nikamcheka. Wala sikujua kwamba gurudumu likizidi kimo kwa sehemu 10 katika 100, mshale wa mwendo hudanganya: usomapo kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa mjini, kwa kweli waenda 55.

Jioni moja tairi la mbele lilipasuka. Nalimgonga mtu mwenye mkokoteni wa maji, akavunjika mguu.

Mkaguzi wa kampuni ya bima hakuniuliza mengi. Alizipima rimu, kisha akafungua fomu niliyoijaza mwenyewe. Palikuwa na swali: gari limebadilishwa? Nalijibu, "La." Laiti ningalisema kweli, huenda ningaliongezewa malipo kidogo tu.

Sheria ya Kenya, Sura ya 405, humlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, wala ubovu wa gari si sababu ya kumnyima majeruhi fidia. Lakini sheria hiyo hiyo huiruhusu kampuni kwenda mahakamani kuifuta bima iliyopatikana kwa uongo. Ingalifanya hivyo, yule mtu angalibaki na mimi tu wa kumdai, nami sikuwa na kitu. Neno langu moja lingalimpotezea haki yake! Kampuni ilimlipa, kisha ikaniandikia barua ya kunidai. Gari langu halikulipwa hata senti.

Rimu zile niliziuza. Nalimwuliza kijana aliyezinunua kama ameiarifu kampuni yake ya bima. Akanicheka, kama nilivyomcheka fundi.