Mbwa Akitoka kwa Daktari, Kazi Inahamia Kwako

Wiki iliyopita mwenye duka mmoja alinipigia simu: mbwa wake wa ulinzi ameshonwa tumbo, usiku analia, je, ampe diklofenaki ngapi? Nilimwambia asimpe hata moja. Kisha nikamsimulia jambo ambalo huwa naona aibu kulisema.

Mbwa wangu Simba aligongwa na bodaboda. Mguu wa nyuma ulisagika, daktari wa mifugo akaukata, akaniachia meloksikamu ya kutuliza maumivu. Usiku wa pili Simba alilia mno. Mimi, afisa ugani mzima, nikachukua diklofenaki ninayomeza mgongo ukiniuma, nikamfichia ndani ya tonge la ugali. Asubuhi alitapika, na jioni kinyesi kikawa cheusi kama lami. Hiyo ni damu inayotoka tumboni. Meloksikamu na diklofenaki ni dawa za kundi moja, hazichanganywi. Na diklofenaki au ibuprofeni hata peke yake huchubua tumbo la mbwa na kuumiza figo.

Daktari alirudi (sitakuambia aliniambia nini), akasimamisha vile vidonge, akamtibu tumbo na kumpa dawa nyingine ya maumivu. Halafu akanionyesha kazi ya mikono, ambayo ningeifanya tangu mwanzo kelele zingepungua.

Siku 3 za kwanza ni baridi. Nilinunua barafu dukani, nikaifunga kwenye kanga safi na kavu, nikaiweka pembeni ya kidonda dakika 10, mara 3 kwa siku. Usiweke barafu moja kwa moja kwenye ngozi, na usiloweshe nyuzi. Uvimbe ukishapungua na pale mahali pasipokuwa pa moto tena, tumia kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Kijaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono wako. Kikikuunguza wewe, kitamuunguza na yeye.

Kukanda ndiko kulikonishangaza. Kidonda hakiguswi kabisa. Mbwa hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, na ukimkata mguu mmoja wa nyuma, mabega, mgongo na ule uliobaki vinachoka vibaya. Hapo ndipo pa kukanda. Kiganja wazi, polepole, kuanzia shingoni kwenda mabegani, kisha pembeni mwa uti wa mgongo, dakika 5 tu. Akigeuza kichwa kutazama mkono wako, akikaza mwili au akilambalamba midomo, acha, hapo panauma, usisubiri akung'ate. Akishusha pumzi ndefu na kulegea, endelea. Majirani walicheka kuniona nakanda mbwa kama mzazi aliyetoka kujifungua. Wacheke.

Usimpake kitu. Mafuta ya kuchua, mafuta ya taa, oili chafu, ugoro, utomvu wa aloe vera: chochote unachopaka mbwa atakilamba, na ugoro una nikotini, ambayo ni sumu. Ili asifikie nyuzi, nilikata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, nikazungushia kitambaa kwenye ukingo, nikamvisha shingoni. Alale juu ya gunia lililojazwa majani makavu, maana kwenye sakafu ya saruji atateleza. Kumpeleka kukojoa nilipitisha kanga chini ya tumbo nikamshikilia nyuma, hatua chache kisha tunarudi. Kama ameshonwa tumbo, huyo usimbebe kwa kanga. Mfunge kamba fupi, umtembeze taratibu, asiruke.

Ukiona usaha, harufu mbaya, nyuzi zimefumuka, kutapika, au amekataa chakula siku nzima, acha kukanda, mpigie daktari. Mikono haiui vijidudu.

Nyuzi zilitolewa siku ya 12. Wiki ya tano Simba alikuwa anawafuata mbuzi malishoni kwa miguu mitatu, akibaki nyuma kidogo mlimani. Jioni akirudi hulala karibu na kiti changu, mgongo umenielekea, ananisubiri.

Yule mwenye duka alinipigia tena jana. Mbwa wake amekula, ila ile ndoo ameipasua.